Hasimu wa Bi Zamda

"Maji yako ya dagaa yanaingia kwangu, Zamda, na mimi sikuolewa na dagaa."

"Yanaingia kwako kwa kuwa sakafu yako imebonyea, na imebonyea kwa kukaliwa. Punguza kukaa."

"Nani anakaa? Mimi?"

"Unakaa, Chausiku. Tangu asubuhi umekaa, kazi yako kuwatazama wageni wa watu wanaingia na nini na wanatoka na nini."

"Hapo kwenye wageni," akasema Mjumbe Makungu, "rudieni taratibu kidogo. Na msiseme kwa pamoja. Ugomvi una utaratibu wake."

Mjumbe alikuwa ameketi katikati ya milango yao miwili, kwenye kiti cha plastiki alichokuja nacho kutoka kwake. Mkono wa kulia ameshika chai ya Zamda, mkono wa kushoto chapati ya Chausiku, kwa maana kiongozi wa mtaa hapaswi kuegemea upande wowote. Nusu ya mtaa ilikuwa imesimama nyuma yake. Wengine walikuja na vigoda. Kuna raha yake kusikiliza ugomvi wenye kibali cha serikali, kwa sababu unajua hakuna atakayekuita shahidi.

Wale wanawake wakashusha pumzi, wakarudia pale kwenye wageni. Wakarudia vizuri, kwa mikono viunoni. Walikuwa wamefanya mazoezi siku nzima jikoni kwa Chausiku, wakicheka mpaka mchuzi ukakauka.

Mtu asiyekaa nchi ile atashangaa, kwa hiyo aelezwe. Jina la nchi yenyewe halitajwi hapa. Si kwa uoga. Limeandikwa kwa dhahabu kwenye jalada la pasipoti, ila Wizara ya Nyuso na Utambulisho ilishatangaza kwamba jina la nchi ni mali ya serikali na haliruhusiwi kutumiwa na watu binafsi bila kibali. Waliotaka kulitaja wameomba kibali. Wanasubiri.

Zamani nchi ile mtu alisafiri kama wanavyosafiri wengine, unaonyesha pasipoti, unagongewa mhuri, unakwenda zako. Kisha mweka hazina mkuu akaondoka na hazina. Alipita uwanja wa ndege mchana kweupe kwa pasipoti ya mtunza bustani wake, na rafiki zake wanne, wote watu wa heshima, wakasimama dirishani wakaapa kwamba huyo kweli ni mtunza bustani, tena ana mkono mzuri wa mawaridi. Serikali iliumia sana. Haikuumizwa na hazina, maana hazina ilishazoea. Iliumizwa na wale marafiki.

Mheshimiwa Waziri wa Nyuso na Utambulisho akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "karatasi hughushiwa. Kidole huazimwa. Rafiki husema uongo kwa kuwa anakupenda. Lakini nionyesheni mtu anayekuchukia, nami nitawaonyesha mtu aliyewahi kukutazama usoni vizuri." Watu wakapiga makofi mpaka walipoambiwa inatosha.

Basi ikapitishwa kwamba kila msafiri afike uwanjani na pasipoti, na kitambulisho cha taifa cha kuithibitisha pasipoti, na cheti cha kuzaliwa cha kukithibitisha kitambulisho, na juu ya hayo yote hasimu wake. Hasimu awe jirani. Ugomvi wao uwe hai, uwe umesikilizwa na mjumbe wa mtaa na kukubaliwa kwamba una mashiko. Huyo ndiye atakayesimama mbele ya mkaguzi aseme: ndiye, namjua, na ningependa nisimjue.

Sheria ilipokelewa vizuri. Wazazi wenye malengo walianza kuwatafutia watoto wao ugomvi mapema, ili wakipata nafasi za masomo nje wasihangaike. Sheikh mmoja na padri mmoja, wote walioalikwa kwenye mkutano wa amani ughaibuni, waliikosa ndege kwa kukosa mtu wa kuwachukia. Mkutano uliendelea bila wao, na inasemekana ulifana.

Taabu ya Zamda ilikuwa hiyohiyo ya sheikh na padri. Katika mtaa mzima hakuwa na mtu wa kugombana naye. Ndiye aliyeosha maiti, ndiye aliyepika kwenye harusi, akikupita bila kukusalimia unajua anaumwa. Na nyumba pekee iliyogusana na yake ilikuwa ya Chausiku, ambaye ukuta wao mmoja walikuwa wameutoboa jikoni, tundu la kupitisha bakuli, ili mtu asizunguke nje kwa ajili ya chumvi. Hata wanaume zao, walipokuwa hai, walikuwa wakiulizana kwa tundu lile kama chakula kimeiva upande upi.

Na safari haikuwa ya matembezi. Binti yake Mwanaidi alikuwa ughaibuni, amelazwa, ana uvimbe kichwani, na madaktari wamepanga kumpasua. Huko hana ndugu. Alikuwa amepiga simu akasema kwa sauti ya kujikaza, "Mama, mimi sitaki kingine. Nikifumbua macho nikuone wewe. Basi." Tangu siku hiyo Zamda alikuwa hali kitu, ananusa tu chakula na kukipisha.

"Tutagombana," Chausiku alikuwa amesema. "Kwani ugomvi ni nini? Nimewaona watu wakigombana, si kazi ngumu."

Sasa Mjumbe Makungu alimaliza chapati, akajifuta vidole, akatikisa kichwa.

"Mama zangu," akasema, "mimi nawaheshimu. Lakini huu ugomvi ni laini. Dagaa, sakafu, wageni. Huu ni ugomvi wa watu watakaosalimiana kesho. Nikiupitisha huu, wakubwa wataniuliza kama nilikuwa nasikiliza au nakula. Nipeni ugomvi wenye mizizi. La sivyo, mama, hiyo ndege utaiona ikipita juu."

Zamda alimtazama Chausiku, akamwomba kwa macho. Sema lolote.

Chausiku akasema, na safari hii hakuweka mikono kiunoni.

"Wewe unawaambia watu Mwanaidi ni nesi. Si nesi. Anaogesha wazee wa watu. Na hakutaka kwenda. Alilia jikoni kwako, nikamsikia kwa lile tundu, anasema mama mimi sitaki, nawe ukamwambia nenda, nyumba haina bati. Haya. Leo bati unalo."

Mama mmoja wa nyuma alichukua kigoda chake akaondoka, kwa kuwa hata umbea una mahali unapofika ukaona haya.

"Hiyo," akasema Mjumbe Makungu kwa sauti ya mtu aliyeonja mchuzi ukakolea, "hiyo ndiyo." Akatoa mhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akagonga.

Zamda aliingia ndani. Alikuwa amepata alichokitaka, na kilikuwa kimemkaa kifuani kama mfupa. Alichukua gunia kuukuu, akalikunjakunja, akaliziba lile tundu la ukutani. Kesho yake adhuhuri alisikia bakuli likisukumwa kutoka upande wa pili. Likagusa gunia, likasukuma kidogo, likangoja. Zamda alisimama palepale na mwiko mkononi. Hakulitoa gunia. Baadaye bakuli likarudishwa.

Siku ya safari walipanda teksi moja, maana hasimu huletwa kwa gharama za msafiri. Zamda alikaa mbele, Chausiku nyuma. Dereva, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka mahasimu uwanjani kutwa, hakuwasha hata redio.

Uwanja wa ndege wa nchi ile ni mzuri, una vioo. Kuna milango miwili. Mmoja ni wa Watu Wanaojulikana. Hao hawaonyeshi chochote, kwa sababu picha zao zimetundikwa ofisi zote, na kumwomba kitambulisho mtu ambaye picha yake iko nyuma ya kichwa chako ni utovu wa nidhamu. Walipokuwa wakiingia, jamaa mmoja mnene alikuwa akipita mlango huo na masanduku mazito, na mkaguzi akamsaidia kuyasukuma.

Mlango wa pili ni wa wengine wote. Hapo kila msafiri alisimama na hasimu wake, wamepeana mgongo kama inavyotakiwa. Wanandoa ndio waliokuwa wakipita upesi kuliko wote, hawakuulizwa mengi.

"Viatu," mlinzi akasema. Zamda akavua. "Mkanda." Hana. "Bangili." Akavua. "Hiyo chupa?" Mafuta ya nazi, ya kumkanda mgonjwa. "Mafuta yana kitambulisho?" Yakabaki.

Baada ya hapo ilikuwepo mashine ya kutambua nyuso, iliyonunuliwa kwa mkopo na kuzinduliwa na Waziri mwenyewe. Siku ya uzinduzi iliutazama uso wa Waziri kwanza, na tangu hapo haikukubali kujifunza mwingine. Zamda aliposimama mbele yake ilisema kwa adabu, "Karibu Mheshimiwa Waziri," ikawasha taa ya kijani. Mafundi walishasema tatizo liko kwa wananchi.

Kisha akafika dirishani kwa Mkaguzi Ndelemba, Afisa Uhakiki Mwandamizi, kijana msafi mwenye miwani. Alifungua pasipoti, akaitazama picha, akamtazama Zamda, akairudia picha.

"Huyu wa pichani ana mashavu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mashavu yako wapi?"

"Yameisha. Nina mgonjwa."

"Uliyatolea taarifa?"

"Mashavu?"

"Mama, picha hii ni mali ya serikali. Wewe unakonda, serikali inabaki na mashavu ambayo hayana mtu. Ukitokea mwenye mashavu kama haya akajitwalia pasipoti yako, tumlaumu nani?" Alisema bila ukali, kama mwalimu mvumilivu. Akaangalia kitambulisho, kikaithibitisha pasipoti. Akaangalia cheti cha kuzaliwa, kikakithibitisha kitambulisho, ingawa kwenye cheti Zamda alikuwa mtoto mchanga, na mkaguzi alilitaja hilo pia kuwa ni dosari. "Haya. Hasimu."

Chausiku akasogea. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu.

"Unamjua huyu?"

"Namjua. Ningependa nisimjue."

"Thibitisha."

Hapo Chausiku akaanza, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba alianza vizuri. Akasema huyu ni Zamda, ana kovu chini ya kidevu, alianguka na ndoo kisimani kwa papara zake. Anakoroma. Akiazima chungu anakirudisha na masizi. Akipepeta mchele anaimba kwa pua, wimbo hauendi mbele wala haurudi nyuma, mpaka mtu unatamani uhame. Sweta akivaa hafungi kifungo cha juu, hata kipupwe, halafu anakohoa usiku watu wasilale.

Mkaguzi Ndelemba alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Endelea."

"Mkono wa kushoto, hapa, ana alama ya kuungua. Aliungua na chungu changu cha uji, alipokuwa akiepua, wakati mimi nimelazwa na..." Chausiku akasita.

Kalamu ya mkaguzi ikasimama. "Alikuwa akikuepulia chungu?"

"Aliepua vibaya," Chausiku akasema haraka. "Uji wote ukamwagika. Hasara tupu. Sijamsamehe."

Mkaguzi alimtazama kwa muda, kisha kalamu ikaendelea. Pale alipokuwa, Zamda alisikia kidogo ule mfupa wa kifuani ukisogea. Mtu anayekumbuka umeungua wapi na lini, alijiwazia, hakusema yale ya bati kwa moyo wake wote. Au alisema kwa moyo wake wote, na bado. Alishindwa kuamua, na foleni ilikuwa ndefu.

"Swali la mwisho, la kisheria," akasema Mkaguzi Ndelemba. "Huyu akipanda ndege, asirudi tena maisha yake yote. Utajisikiaje?"

Jibu lilijulikana. Lilikuwa limebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, kuwasaidia wasiokumbuka.

"Nitafurahi," akasema Chausiku.

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Angekuwa amesema hivyo tu, mikono ikiwa mgongoni, mambo yangekwisha. Lakini kiyoyozi cha uwanja ule ni kikali, na Zamda alikuwa amesimama pekupeku, sweta wazi shingoni, na huko aendako watu walisema barafu inalala barabarani. Mkono wa Chausiku haukungoja kuulizwa. Ukanyoosha kola, ukamfunga kile kifungo cha juu, ukakipapasa kidogo kama ulivyofanya kila kipupwe tangu wakiwa wake wabichi.

Mkaguzi Ndelemba alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena, akatazama kifungo.

"Nani amefunga hicho?"

Chausiku akarudisha mkono mgongoni.

"Mama, nakuuliza wewe hasimu. Umekifunga wewe?"

"Kilikuwa kinanikera," akasema Chausiku. "Naona kinakaa wazi, kinanikera."

"Umekipapasa."

Nyuma yao foleni ilinyamaza yote. Hata wanandoa walinyamaza. Mkaguzi alisema, na alionekana anasikitika kweli, kwamba yeye binafsi hana neno, yeye naye ana mama, lakini mbele yake sasa ana ushahidi wa huruma, na ushahidi wa huruma hautambuliki. Kisheria, mtu aliyetambuliwa na rafiki hajatambuliwa. Hajulikani ni nani. Akagonga mhuri mwekundu kwenye ukurasa wa pasipoti, akaipuliza ikauke. *Mwenye pasipoti hii anapendwa. Arudishwe kwa uchunguzi.*

"Mwanangu anapasuliwa kesho," Zamda akasema.

"Pole sana, mama. Tiketi yako itasogezwa ndege ya wiki ijayo. Nendeni mkagombane vizuri, mjumbe wenu atupigie. Anayefuata."

Walikaa nje kwenye ukingo wa maua, Zamda akivaa viatu vyake. Ndege ilipanda. Hakukuwa na haja ya kuitazama, lakini ilikuwa na kelele, mtu unainua tu kichwa.

"Ungenichukia kidogo," akasema Zamda. "Kidogo tu, Chausiku. Ningekuwa mle ndani."

"Nilijaribu."

"Na yale ya bati?"

Chausiku alivuta nyasi moja, akaikatakata kwa kucha. "Yale nilikuwa nimeyaweka miaka," akasema. "Sikuwa na mpango wa kuyatoa."

"Ni kweli lakini."

"Ni kweli. Ndiyo maana sikuwa na mpango."

Wakapanda teksi wakarudi nyumbani.

Jioni Mjumbe Makungu alikuwa amekwisha kurudi na kiti chake. Uwanja wa ndege ulikuwa umempigia simu ukamsema sana, na sasa alikuwa ameapa hatapokea chai ya yeyote, jambo lililowatisha wakazi wote. Akatangaza mbele ya milango miwili kwamba wiki nzima atakuwa akisikiliza yeye mwenyewe. Wakisalimiana, amesikia. Wakicheka, amesikia. Wakila sahani moja, basi, pasipoti ile itabaki kitabu cha picha.

Zamda alikaa kizingitini. Jikoni kwake jiko lilikuwa la baridi, alikuwa amegawa gesi na vyakula vyote akidhani anaondoka. Simu ikaita. Alikuwa Mwanaidi.

"Mama, umeshapanda?"

Zamda aliutazama ukuta. "Nimeshapanda," akasema.

"Mbona kimya hivyo? Ndege hazina kelele?"

"Hizi za siku hizi hazina."

"Wananiingiza alfajiri. Nimewaambia mama yangu yuko njiani. Nesi kasema watakuacha uingie hata kama si saa za wageni." Kisha akauliza, "Mama, umevaa sweta?"

"Nimevaa. Kifungo nimefunga."

Simu ilipokatika aliendelea kuishika sikioni, ili mjumbe asione uso wake. Alifikiria wiki nzima ya kumchukia mtu mmoja pekee aliyebaki. Alifikiria Mwanaidi akifumbua macho, anamwona nesi, anauliza. Kama atafumbua. Hilo alilikataa, likarudi, akalikataa tena.

Kutoka upande wa pili wa ukuta harufu ya vitunguu ikaanza kuja, kisha ya nazi. Gunia lilikuwa bado kwenye tundu, lakini harufu ilijua njia ya gunia.

Mlango wa Chausiku ukafunguka kwa kishindo, ukagonga ukuta. Mjumbe akakaa sawa.

"We Zamda," Chausiku akapaza sauti ya kusikika mpaka msikitini. "We mwanamke usiye na haya. Miaka yote umenizoesha kupika cha watu wawili, leo unakaa hapo kizingitini kama kinyago, unataka kiniozee? Nimlishe nani? Nimlishe mjumbe?"

Mjumbe Makungu akainua mkono. "Subiri. Huo ni ugomvi au ni mwaliko?"

"Ni ugomvi, baba. Huoni navyomtukana?"

"Naona. Lakini naona na chakula."

"Chakula ndicho kinachogombaniwa. Hataki kula tangu juzi, kwa kiburi, na mimi nasema atakula, kwa lazima. Sasa niambie wewe mwenye sheria, mtu na rafiki yake hulazimishana?"

Mjumbe alifikiri. Alikuwa na njaa, na njaa haisaidii kufikiri mambo ya kisheria. Mwishowe akasema polepole, akijaribu maneno kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba, kwamba ikiwa msafiri ameingizwa ndani kinyume na matakwa yake, na akatamka hivyo hadharani, basi huo ni uhasimu, tena uhasimu mzito, na yeye hana pingamizi.

Wote wawili wakamtazama Zamda.

Zamda aliinuka. Akavuka zile hatua chache mpaka mlangoni kwa Chausiku, akasimama pale ambapo maji ya dagaa hukusanyika.

"Siingii kwako," akasema kwa sauti kubwa, na sauti ilikatika katikati, akaiunga. "Kwako siingii hata kwa dawa, mchawi mkubwa we." Akainama, akavua viatu, akavipanga ubavuni mwa vile vya Chausiku kama alivyovipanga siku zote.

"Usiingie basi," akasema Chausiku. "Maji ya kunawa haya hapa."